Nani Ale Firigisi ya Mama Kageha?

Sogeeni. Aliyekwisha kula asikilize taratibu. Ambaye hajala, chakula chake kisubiri, maana hadithi hii hainukii.

Palikuwa na mjane aitwaye Kageha na watoto wake watatu, watu wazima wote. Imali, binti mkubwa, alijaliwa pua: alijua maziwa yatachacha kabla maziwa yenyewe hayajajua. Mudaki, aliyemfuata, alijaliwa tumbo lisilojua kinyaa; panya akifia kisimani, ndiye aliyeitwa. Kidiga, kitinda mimba, alijaliwa subira. Angeweza kufungua fundo la uzi jioni nzima bila kutafuta kisu.

Kuku wa nyumba hiyo walikuwa na banda, lakini hawakulala humo. Giza likikaribia walirukia boriti za jikoni na kujipanga juu ya mafiga. Walichodondosha usiku kilikutwa asubuhi kwenye mwiko, kinuni, ukingoni mwa chungu. Siku moja Kageha akiwa anakunywa uji, alihisi ulimini kitu laini ambacho hakikuwa unga. Alitapika mpaka akashika ukuta.

Alipopata nguvu aliwaita wanawe.

"Tangu baba yenu azikwe," alisema, "firigisi namtupia mbwa."

Wote walimwelewa. Kwao, kuku akichinjwa, firigisi huliwa na mkuu wa boma, naye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya shamba, ndoa na magomvi. Baba alikufa bila kumtaja wa kumrithi. Tangu hapo shamba lilikuwa limeota magugu huku watatu hao wakibishana nani aamue lilimwe lini.

"Atakayewalaza kuku bandani ndiye atakayeila. Asiyeweza kuwaingiza kuku nyumbani mwao, watu atawaweza?"

Majirani walisema bandani mna nyoka. Imali hakutaka kuambiwa. Alipiga magoti, akaingiza kichwa mlangoni, akavuta pumzi. Alitoka machozi yakimlengalenga.

"Nyoka hayumo," alisema. "Humu mna damu. Kuna kitu kinawanyonya."

"Dada, sasa pua yako inaota ndoto," Kidiga alimcheka.

"Njoo nikuazime, uote na wewe."

Mudaki hakucheka wala hakubisha. Alichukua gunia, akaenda kulala bandani. Kulipokucha alitoka akijikuna, shati limejaa madoa mekundu. Utitiri, wale wadudu wadogo wanaotoka nyufani gizani kunyonya kuku, walikuwa wakimtembea masikioni, kwapani na kitovuni.

"Dada hakuota," alisema, kisha akarudi ndani na jembe.

Kinyesi kilikuwa kimegandamana tabaka juu ya tabaka. La juu lilikuwa gumu kama udongo wa ukuta. La chini lilikuwa bichi, nalo lilicheza, kwa wingi wa mabuu. Alilikwangua kwa jembe, na pale jembe lisipofika, kwa kucha. Alimimina maji ya moto katika kila ufa, akapaka majivu yaliyochanganywa na mafuta ya taa.

"Na leo utakula kwa mikono hiyo?" Imali alimuuliza kwa mbali.

"Mbona nimeshakula," Mudaki alijibu, akimalizia hindi la kuchemsha.

Imali alikimbilia nyuma ya nyumba.

Banda likang'aa. Jioni ilipofika, kuku wakapanda boriti zao kama kawaida. Kuku hapelekewi habari; anachojua ni alipolala jana.

Hapo ndipo Kidiga alipoanza kazi. Alipanda juu ya kinu, akamshusha kuku mmoja, akampeleka bandani, akarudi kumfuata mwingine, hadi wakaisha, akafunga mlango. Walimnyea nywele. Walimnyea shingoni, kinyesi kikateremka mgongoni kikiwa bado na joto. Jioni iliyofuata walikuwa juu tena, naye alikuwa chini yao tena.

"Kidiga," jirani alimtania, "ukimaliza hao njoo unilazie mume wangu, naye harudi nyumbani."

"Mumeo ana mabawa makubwa, shemeji. Sitamfikia."

Aliendelea hivyo mpaka jioni moja alipoingia jikoni akakuta boriti tupu. Kuku walikuwa wameingia bandani wenyewe, jogoo mzee akitangulia.

Kageha alimchinja jogoo huyo. Kabla sahani haijafunuliwa, ugomvi ulikuwa umeiva.

"Bila pua yangu," alisema Imali, "mngekuwa mnamtafuta nyoka mpaka leo."

"Pua ilinusa ikakimbia," alisema Mudaki. "Aliyebaki na uchafu ni mimi. Na tangu lini mwanamke akala firigisi?"

"Tangu wanaume waliposhindwa kunusa."

"Nyote wawili," alisema Kidiga, "mlikuwa na banda zuri sana lisilo na kuku."

Kageha akafunua sahani. Firigisi ilikuwa imelala peke yake, ya kijivu, inang'aa mafuta.

Watatu hao wakaitazama. Waliikumbuka siku ile ya kukwangua: jogoo alikuwa amesimama mlangoni, kila jembe likitoa uchafu, yeye anadonoa mabuu na kumeza, anadonoa na kumeza. Yote yalikuwa yamepita hapo sahanini. Imali aliziba pua. Kidiga alijifuta shingo. Na Mudaki, mtoa panya visimani, alihisi tumbo likimpanda kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Kageha aliwatazama mmoja mmoja.

"Kumbe mlidhani baba yenu aliila kwa utamu?"

Kisha mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja kuelekea sahani, na nyuso tatu zikatazama pembeni.

Mama bado ameishika sahani. Mimi simlaumu hata mmoja wao, na kumchagua siwezi. Firigisi ni moja, na boma haliwi na wakuu watatu. Haya, nyinyi mlioketi hapa: mngekuwa Kageha, sahani ile mngemsogezea nani?