Bi Pimbi na Vigingi Vinne vya Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mmekaa?"

"Tumekaa!"

"Mmechoka?"

"Hatujachoka!"

"Basi nimechoka mimi peke yangu, lakini nitasimulia. Palikuwa na kilima."

"Kilikwenda wapi?"

"Hakikwenda popote. Kilima hakihami. Wanaoambiwa wahame ni wanaokaa juu yake."

Haya. Juu ya kilima hicho waliishi pimbi, wale wanyama wadogo wa kahawia wasio na mkia, wanaopenda kuota jua juu ya mawe. Mmoja wao aliitwa Bi Pimbi. Alikuwa na watoto wawili. Walipaswa kuwa watatu, lakini hilo tutalifikia, msiniharakishe.

Siku moja akaja Kiboko kutoka mtoni. Di! Di! Di! Akapanda kilima akihema, fwuuu! fwuuu!, akasimama juu ya jiwe lao la kuotea jua na kutangaza:

"Enyi pimbi, furahini! Chini ya miguu yenu kuna madini adimu! Ni udongo wa ajabu. Unawasha taa pasipo moto, unavuta chuma pasipo kamba. Dunia nzima inautafuta. Na mimi ndiye mwekezaji."

"Umeuona?" akauliza Bi Pimbi.

"Mwekezaji haoni, mama. Mwekezaji anatarajia."

Akatoa vigingi vinne vyekundu, akavipigilia pembe nne za kilima. Ko! Ko! Ko! Ko! Akachukua chokaa, akaandika namba kwenye kila tundu. Tundu la Bi Pimbi likawa namba kumi na saba.

"Kuanzia leo," akasema Kiboko, "marufuku kuziba ufa. Marufuku kutandika majani mapya. Marufuku kuongeza chumba. Mtahamishiwa mahali pazuri kuliko hapa, kila mmoja na tundu lake jipya, lenye mlango."

"Lini?" wakauliza pimbi.

"Hivi karibuni."

Pimbi wakashangilia. Bi Pimbi naye alishangilia, tusimsingizie. Alianza hata kuwaza mlango wake uangalie upande gani.

Masika yakaja, yakapita. Kiboko hakuja. Masika yakaja tena, yakapita tena. Kiboko hakuja. Pimbi walikaa juu ya majani yaliyooza, wakitazama namba zao.

Unauliza Kiboko alikuwa anafanya nini? Alikuwa mtoni, ndani ya maji, pua nje, anauza kilima. Hakukichimba, kuchimba kunachosha. Alikiuza vipandevipande. Aliyetaka kipande alimpa Kiboko majani yake ya ukingoni. Punda Milia akatoa majani, akapata kipande. Nyati akatoa majani yake yote, akapata vipande vingi. Na hakuna aliyekitaka kipande ili akae nacho. Kila mmoja alingoja kipande chake kipande bei, amuuzie mwenzake.

Bei ilipandaje? Palikuwa na Kasuku juu ya mti. Kiboko akipiga chafya, Kasuku anapaza sauti: "Kwaa! Dalili nzuri kilimani!" Bei inapanda. Kiboko akilala, Kasuku anapaza sauti: "Kwaa! Kiboko anatafakari!" Bei inapanda tena. Na Kiboko anakula, chwa, chwa, chwa, na kitambi kinaongezeka.

Huku kilimani, jiwe moja liliteleza juu ya namba kumi na saba likaacha ufa. Ufa wenyewe haukuwa mkubwa. Donge la udongo wa mfinyanzi na majani makavu vingetosha. Lakini marufuku ni marufuku, na Bi Pimbi alikuwa raia mwema. Masika ya tatu yalipoingia, maji yakadondoka ndani, to, to, to, mchana kutwa. Kitinda mimba wake akashikwa na baridi. Akakohoa siku nne. Siku ya tano hakukohoa.

Sasa mnajua kwa nini nilisema wawili.

Baada ya hapo Bi Pimbi hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu aliyengoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa ndiyo kazi yake. Lakini mawingu ya masika ya nne yalipoanza kujikusanya, na mtoto mmoja akaanza kukohoa, koho, koho, Bi Pimbi aliinuka akashuka hadi mtoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, mama. Chwa, chwa. Namba ngapi?"

"Kumi na saba. Nimekuja kuomba kibali cha kuziba ufa. Mvua inakuja, nina watoto wawili."

Kiboko akaacha kutafuna.

"Haiwezekani! Ukiziba ufa, huku chini watasema, kumbe pimbi hawahami. Wakisema pimbi hawahami, watasema mradi umekufa. Bei itaanguka! Unataka kuturudisha nyuma?"

"Basi tuhamishe."

"Mtahamishwa."

"Lini, Bwana?"

"Hivi karibuni."

Bi Pimbi aligeuka aondoke. Hapo hapo akatokea Nyati, mbavu zinahesabika, maana majani yake yote yalikuwa tumboni mwa Kiboko.

"Bwana Kiboko," akasema Nyati, "miaka mitatu tumenunua. Sasa tunataka kuuona huo udongo. Hata donge moja."

"Naam, naam," wakasema Punda Milia na wenzake.

"Kesho!" akasema Kiboko kwa haraka. "Kesho mtauona kwa macho yenu!"

Nyati alipoondoka, Kiboko akamwinamia Bi Pimbi na kunong'ona.

"Mama, wewe ni mwenyeji. Huo udongo uko wapi?"

"Sijui, Bwana. Wewe ndiye uliyesema upo."

"Nitakuja alfajiri nitafute. Usimwambie mtu."

Bi Pimbi alipanda kilima polepole. Katikati ya njia alikaa juu ya jiwe kupumzisha miguu. Kwa muda mrefu hakuwaza chochote. Halafu akawaza jambo moja, dogo tu, na akasimama.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya pimbi. Pimbi ni wasafi. Pimbi hajisaidii ovyo ovyo. Ukoo mzima una mahali pamoja, na kila asubuhi wote huenda hapohapo, walipokwenda bibi zao, na bibi za bibi zao. Jua linakausha, miaka inarundika, na lile rundo linaganda na kuwa jiwe jeusi, gumu, linalong'aa kama limepakwa mafuta. Rundo la kilima kile, lililokingwa mvua na jabali, lilikuwa kubwa kuliko Kiboko aliyelala.

Bi Pimbi akawaambia wenzake, "Kesho tutakwenda kama kawaida yetu. Ila twende kwa mstari, na asicheke mtu."

Alfajiri, Kiboko akaja. Di! Di! Di! Fwuuu! Akatazama huku, mawe. Akatazama kule, mawe. Halafu akawaona pimbi wote wanakwenda kwa mstari, kimya, wazee mbele, watoto nyuma. Wanazunguka jabali, wanapotea kidogo, wanarudi wametulia.

Akawafuata. Akaliona rundo, jeusi, linang'aa kwa jua la asubuhi. Macho yakamtoka.

"Ni nini hiki?"

Bi Pimbi akaruka akasimama mbele yake. "Hapa usiguse, Bwana! Chukua kilima chote, hapa utuachie."

"Kwa nini?"

"Ni mali ya ukoo. Bibi wa bibi yangu alichangia hapa. Hata mimi nachangia kila siku, nikiwa mzima."

"Kumbe mmekuwa mkinificha!" Kiboko akanguruma. "Na kule kwenye matundu yenu kuna nini?"

"Mawe, Bwana. Na watoto wanaokohoa."

Kiboko hakungoja. Akakimbilia pembe ya kwanza, akang'oa kigingi. Akang'oa cha pili, cha tatu, cha nne. Akavipigilia upya, ko! ko! ko! ko!, kuzunguka rundo lile tu.

"Kuanzia sasa," akasema, "ni marufuku pimbi yeyote kukanyaga hapa."

"Na kule kwenye matundu?"

"Marufuku yanafuata vigingi. Huko fanyeni mnavyotaka, hakuna thamani."

Bi Pimbi aliinamisha kichwa, Kiboko asimwone usoni.

Kiboko akabandua donge kubwa, akalibeba mdomoni. Ndiyo, mdomoni. Akashuka nalo mtoni. Bi Pimbi naye akashuka, mbali kidogo nyuma yake, maana udongo wa mfinyanzi uko mtoni, na mvua ilikuwa imeanza kunguruma. Akajibanza chini ya ukingo akichimba kwa mikono miwili. Moyo unampiga, di, di, di. Alijua wakigundua lile donge ni nini, Kiboko atarudi kilimani na kukanyaga kila tundu, kuanzia namba kumi na saba.

"Hili hapa!" Kiboko akalitema donge mbele ya wanyama wote. "Pfuu!"

Wanyama wakasogea. Nyati akainama. Akanusa. Akanusa tena.

"Hiki," akasema Nyati, "mbona ni kinyesi?"

Bi Pimbi aliacha kuchimba.

Punda Milia alimtazama Nyati. Swala alimtazama Punda Milia. Kila mmoja alikuwa na vipande vyake. Kila mmoja alikuwa ametoa majani yake. Kama kile ni kinyesi, basi walikuwa wameshinda na njaa miaka mitatu kwa ajili ya kinyesi, na hakuna wa kumuuzia. Nyati naye akajitazama mbavu. Akainama akanusa mara ya tatu, safari hii taratibu, macho amefumba.

"Lakini," akasema, "si cha kawaida. Ni adimu."

"Kwaa!" Kasuku akaruka juu. "Nyati amethibitisha! Ni adimu! Ni adimu!"

Bei ikapanda kuliko siku zote.

Bi Pimbi alibeba udongo wake akarudi kilimani. Akaukanda, akauchanganya na majani, akauziba ufa. Akatandika majani makavu. Alipomaliza, jua lilikuwa bado halijafika magharibi, na hapo ndipo alipokaa chini akalia. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu siku. Miaka mitatu, na kazi ilikuwa ya nusu siku.

Mvua ikanyesha siku tisa. Ndani hakukudondoka hata tone. Mtoto akaacha kukohoa.

Siku ya kumi jua likatoka. Bi Pimbi alikuwa juu ya jiwe anaota jua, watoto wamelala ndani. Di! Di! Di! Kiboko huyo, amelowa, anahema.

"Mama! Niliubandua udongo wote nikauweka nje, mvua imeuyeyusha, umeteremka bondeni! Wenye vipande wanataka mwingine. Wameongeza majani! Utapatikana lini mwingine?"

Bi Pimbi alimtazama. Alitazama namba kumi na saba, ambayo mvua haikuifuta. Akapiga mwayo.

"Hivi karibuni," akasema.

Kiboko akakaa chini kungoja. Yuko huko mpaka leo, na kitambi kinapungua.

Sasa funzo, maana mtaniuliza. Funzo ni hili: usizibe ufa wa nyumba yako bila kibali. Ngoja. Wakubwa wanajua wanachofanya, na mwekezaji akiahidi, huja.

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Hata mimi mlangoni kwangu pana namba, na paa linavuja, na nangoja."

Hadithi yangu inalala hapa. Ikiwanogea, igawaneni nyote. Ikiwachachia, niachieni mimi. Nimezoea kuachiwa.