Chai ya Bibi wa Bombani

Wapendwa, kaeni vizuri. Na nyie wa viti vya nyuma mnaosinzia, sogeeni mbele kidogo, maana mfano wa leo una chai ndani yake.

Kulikuwa na mji mmoja mdogo kule nyanda za juu, mji wa ndizi na magimbi, ambako asubuhi ukitoka nje bila sweta unajuta. Katika mji huo kulikuwa na chama cha watu wa kujitolea. Majina yao nayaacha, maana nikitaja jina moja tu hapa, mchana mtakuwa mnaulizana yule ni shangazi wa nani. Walikuwa watu wa kawaida: fundi cherehani, mwalimu wa shule ya msingi, baba mmoja wa duka la dawa, na wengineo. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja, mkunga mstaafu, mwenye ile sauti ambayo ukiisikia unainuka kabla hujaambiwa inuka. Kila Jumamosi walivaa fulana zao za kijani, wakabeba mafagio, ndoo na majembe, wakaenda kwa mtu aliyeelemewa. Leo mgonjwa, kesho mjane ambaye paa lake linavuja. Hakuna aliyewalipa na hakuna aliyewalazimisha.

Sasa, chama kile kilikuwa na kanuni moja ambayo Mwenyekiti aliishikilia kuliko zote. Hatuli kwa mtu tunayemhudumia. Si chai, si ndizi, hata maji ya kunywa kila mtu abebe yake. Msiwacheke, kanuni ile ilikuwa na sababu. Zamani walipoanza, walikwenda kumjengea mzee mmoja jiko, na yule mzee kwa furaha akawachinjia kuku. Wakala, wakashukuru, wakaaga. Baadaye ndipo wakaja kujua kwamba ndiye kuku pekee aliyekuwa amebaki bandani. Walirudi majumbani wameshiba na wanaona haya. Mwenyekiti akasema jambo lile halitatokea tena, na wote wakanyoosha mikono. Mimi ningekuwepo, na wangu ungekuwa juu.

Basi, karibu na bomba la maji la mtaa kulikuwa na nyumba ya bibi mmoja. Watoto wake wengine wako mbali, wengine wametangulia. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, anatembelea mkongojo. Watu walimwita Bibi wa Bombani, na enzi zile nyumba yake ilikuwa haipitwi. Ukienda kuchota maji lazima akuite, tua ndoo kwanza, njoo unywe kidogo. Alikuwa na birika lake moja, jeusi kwa moshi, na birika lile halikuwahi kupoa. Wapo watu wanaojulikana kwa kuimba, na wapo, tusifichane, wanaojulikana kwa ugomvi. Yeye alijulikana kwa chai. Halafu watu wakavuta mabomba majumbani mwao. Njia ya bombani ikaota majani, na birika likaanza kupoa.

Siku wale wa fulana za kijani walipofika kwake mara ya kwanza, yule bibi alifurahi mpaka akakosa pa kuweka mikono. Ua limejaa watu! Huyu anafagia, yule anapalilia, wengine wako bombani wanajaza pipa. Akaingia ndani, akajifunga khanga yake nzuri, akawasha moto. Akatoka na birika na vikombe, akasema karibuni chai, wanangu. Mwenyekiti akaja mbio, akampokea birika, akaliweka chini taratibu.

"Asante sana, Bibi," akamwambia. "Sisi tumekuja kufanya kazi, hatukuja kula. Wewe kaa tu upumzike."

Alisema kwa upole, wapendwa. Alisema kwa upendo kabisa. Na yule bibi akakaa, kama alivyoambiwa.

Jumamosi nyingine wakarudi, na nyingine tena, kwa sababu walimpenda. Kila wakija, chai iko tayari, na kila wakiondoka, chai imebaki vilevile. Akajaribu kupika magimbi, labda tatizo ni chai kukosa kitafunio. Hawakugusa. Ikafika mahali akawa mjanja, akayafunga magimbi kwenye jani la mgomba, akayatumbukiza kimyakimya kwenye kapu la yule baba wa duka la dawa. Waliyagundua wakiwa njiani. Mwenyekiti akamrudisha yule baba, na yule baba mwenye adabu zake akayarejesha mezani, akamwambia Bibi usijisumbue.

Usijisumbue. Hivi mmewahi kulifikiria hilo neno? Mtu anasimama mbele yako na kitu pekee anachojua kukupa, nawe unamwambia asijisumbue.

Bibi akaanza kunyamaza. Wakija, anawapungia mkono kutoka ndani, hatoki. Ile khanga nzuri hakuivaa tena. Jirani yake mmoja aliyepita kumjulia hali akamkuta amekaa jikoni na moto umezima, akamwambia, Bibi, wewe una bahati wewe, sisi wengine nani anatufagilia? Bibi akakubali kwamba ana bahati. Halafu akasema jambo ambalo nataka mliweke moyoni.

"Wanakuja wengi, wanaondoka wote, na mimi nabaki peke yangu na nyumba safi."

Jirani hakuelewa, akaenda zake. Lakini nyie mnaelewa. Yule bibi hakuwa anadai ua lifagiliwe. Alichokuwa anakitaka ni mgeni. Alitaka awe tena mtu ambaye mwingine anaweza kuketi kwake, akapokea kitu mkononi mwake, akasema nimeshiba. Na kwa kila Jumamosi waliyokuja kumsaidia, hicho ndicho walichomnyang'anya, kidogokidogo, huku wanatabasamu.

Ikafika Jumamosi moja ya kiangazi. Wanachama wakaja na mafagio yao, wanaimba njiani kama kawaida yao. Kufika, wakasimama. Ua limefagiliwa. Halikufagiliwa vizuri sana, mistari inakwenda upande, na kwenye kona majani yamebaki, lakini limefagiliwa. Kuni zimepangwa ukutani. Mwalimu akafunua pipa la maji, akakuta limejaa mpaka juu. Uani kulikuwa na mikeka imetandikwa, na kiti kimoja, na vikombe vimepangwa juu ya meza na kufunikwa kitambaa. Na pale mlangoni amekaa Bibi, na ile khanga yake nzuri.

Mwenyekiti alifurahi. Akamwamkia, akamwuliza ni nani aliyekuja kumsaidia, labda wajukuu wamefika? Bibi akasema hakuna aliyekuja. Mwenyekiti akadhani bibi anatania. Ndipo akatazama chini.

Kiangazi kule vumbi ni jepesi, na ukimwaga kitu linashika. Kutoka bombani mpaka kwenye lile pipa kulikuwa na njia nyembamba ya matone ya maji, imekauka, imelowa tena, imekauka. Pembeni yake kulikuwa na vitundu vya ncha ya mkongojo, vingi, vimepandana. Na Mwenyekiti, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kutazama watu, akajua hapo hapo. Huyu hawezi kubeba ndoo. Ndoo ingemwangusha. Akageuza macho akaliona birika liko juu ya mafiga, linachemka, bado lina tope kwenye kitako. Bibi alikuwa amejaza pipa zima kwa birika. Alianza jana yake jua likiwa juu, anachota, anapumzika, anarudi, na miguu ile.

Mwenyekiti akamsogelea, akataka kumgombeza, si mnajua tunavyowagombeza tunaowapenda? Bibi akamwahi.

"Mwanangu, mlisema hamuwezi kula kwa sababu mmekuja kufanya kazi," akasema. "Leo kazi imekwisha. Sasa niambie, mmekuja kufanya nini?"

Wanachama wamesimama uani na mafagio mikononi, na hakuna cha kufagia. Yule fundi cherehani akaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba lakini Mwenyekiti, ile kanuni, halafu akakatiza mwenyewe. Mwenyekiti alikuwa anaitazama miguu ya Bibi, ilivyovimba, na vumbi lililogandia kwenye vidole. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Akaivua ile fulana ya kijani aliyokuwa ameivaa juu ya gauni lake, akaikunja, akaitia kwenye ndoo tupu. Akavuta kiti, akaketi karibu kabisa na yule bibi.

"Bibi," akasema, "mimi nina njaa."

Kama alikuwa na njaa kweli, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba yule bibi aliinuka na mkongojo wake, na walipotaka kumsaidia, Mwenyekiti akawakonyeza wamwache. Bibi akamimina chai mwenyewe, nyingine inamwagikia kwenye meza. Akampa Mwenyekiti kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa na moshi, na magimbi yalikuwa magumu katikati, kwa sababu mpishi alikuwa amechoka. Walikula. Yule baba wa duka la dawa aliomba kuongezewa, na Bibi akacheka kicheko ambacho mtaa ule ulikuwa umekisahau, akamwambia wewe ndiye uliyenirudishia magimbi yangu, ule mpaka uyamalize.

Wakazungumza mpaka mchana. Na katika mazungumzo Mwenyekiti akagundua jambo lililomwumiza kuliko yote. Alijua ufagio wa Bibi unatundikwa wapi. Alijua pipa lake linavuja upande gani. Lakini hakujua jina lake. Miezi yote ile, hakuna mmoja wao aliyekaa muda wa kutosha kumwuliza. Akamwuliza pale, na aibu yake.

"Naitwa Tusekile," akasema Bibi, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza. Nadhani alikuwa hajalisikia siku nyingi.

Haya, wapendwa. Wale wa fulana za kijani ni akina nani?

Ni sisi. Msigeuze shingo kumtazama mama wa kamati ya huduma, nimewaona. Ni sisi sote, na mimi wa kwanza. Sisi ni hodari wa kutoa. Mtu akifiwa tunapika, mtu akiugua tunafua, na ninasema mbele za Mungu kwamba ni jambo jema, tusiache. Mafagio tuendelee kuyabeba. Tena hata kanuni yao haikuwa mbaya. Kosa lao lilikuwa moja tu. Walitaka kumlinda maskini asipoteze kuku wake, wakasahau kwamba kuna mambo mengine mtu anaweza kupoteza.

Kwa nini tunakataa? Tuseme ukweli, humu ndani tuko peke yetu. Kutoa kunatupendeza. Anayetoa amesimama, anayepokea amekaa, na sisi tunapenda kusimama. Nikikusaidia, mimi ni mkubwa. Nikinywa chai yako, tumelingana. Hapo ndipo miguu inapokuwa mizito. Bwana wetu alikuwa na uwezo wa kumlisha kila mtu, na bado aliingia majumbani mwa watu, akaketi, akala walichopika. Alifika kwenye kisima amechoka akaomba maji. Wewe ni nani hata ubebe chupa yako ya maji?

Mfikirie mtu mmoja. Kila mmoja wenu anaye, huhitaji kunitajia. Ni yule unayempelekea kila kitu na hujawahi kumwomba chochote. Labda ni mama yako mzazi kule nyumbani, unayemtumia kila anachohitaji, na ukifika, akienda jikoni unamwambia mama kaa. Labda ni yule mgonjwa tunayemtembelea, tunaomba, tunaimba, tunaweka sabuni mezani, tunaondoka, na yeye alikuwa ana habari nzuri ya kutusimulia. Labda ni jirani anayebisha kila mwaka na embe zake tatu, nawe unasema asante ila sisi hatuli. Kama una mtu wa namna hiyo, basi nyumba yake ni safi, na yeye yuko peke yake.

Jumamosi hii kikundi chetu kinakwenda kwa wazee wa bondeni. Mafagio yapo, sabuni ipo, ndoo Mama Mzee wa Kanisa ameziweka ofisini. Nina neno moja tu kwa mtakaokwenda, na msiniambie hamkusikia. Asubuhi ile, kabla hamjatoka majumbani mwenu, msinywe chai.