Mkoba wa Dokta Makungu

Raya alitafiti kilimo cha mwani wa Unguja mpaka vidole vikamchubuka, akaalikwa Korea kwenda kuuelezea utafiti wake. Mkubwa wake kazini, Dokta Makungu, hakulala kwa wivu.

"Nitazungumza mimi," akamwambia. "Utafiti ni wangu. Wewe utanibebea mkoba tu."

"Na Kikorea, Dokta?"

"Si ulisomea kwao? Nifundishe."

Raya akamkalisha kitako, akamkaririsha hotuba neno kwa neno kama mtoto wa madrasa. "Hapa weka mkono kifuani. Hapa ninyooshee mimi kidole, kisha uiname sana. Ndiyo adabu yao."

Siku ilipofika Dokta aliimwaga hotuba bila kukwama, akanyoosha kidole, akainama. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, naye akazidi kuinama, meno yote nje. Wenyeji wakapanda jukwaani na shada la maua, wakampita, wakamvisha Raya aliyesimama nyuma yake na mkoba.

"Mbona wanakuvisha wewe?" Dokta akanong'ona, tabasamu bado limemganda. "Kwani nimewaambia nini?"

"Kwamba utafiti ni wa Raya, na wewe umekuja kumbebea mkoba."

Akamtundikia mkoba begani, akashika kipaza sauti.