Mwanamize na Doti Isiyotaka Kukatwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na kasha.
Kasha la nani?
La mwali.
Mna nini ndani?
Fungua, tuone!

Haya, nalifungua. Lakini sogeeni, na wewe uliyeachama mdomo ufunge kwanza. Hadithi hii ina haya nyingi, na mimi mwenyewe nikifika katikati huangalia chini.

Hapo kale, kabla mimi na wewe hatujawa hata tone, palikuwa na nchi iitwayo Mwilini. Watu wake walikuwa wadogo mno. Ukiwakusanya elfu moja wangekaa juu ya punje ya ulezi na nafasi ingebaki. Wadogo hivyo hivyo, kila mmoja alikuwa na kasha lake chumbani, na ndani ya kasha kanga arubaini na sita. Zilikuwa za aina ishirini na tatu, na kila aina zilikuwa mbili, moja ya upande wa mama na moja ya upande wa baba. Rangi ya macho ya mtu ilikuwa kwenye kanga hizo, na pua yake, na kimo chake, na kila alichozaliwa nacho.

Mji mkubwa wa nchi hiyo uliitwa Ngozini. Mtu wa Ngozini alipotaka kujigawa awe wawili, alifuma kanga zake zote upya, mfano mmoja kwa kila moja, kisha wawili hao wakaachana, huyu na kasha lililojaa, yule na kasha lililojaa. Basi watu wa Ngozini walijiona.

Mji mdogo kabisa uliitwa Mbeguni, na huko desturi ilikuwa nyingine. Mwali wa Mbeguni hakujigawa apate pacha. Aliozwa ng'ambo. Na aliyeozwa ng'ambo sharti aingie kwa mumewe na kanga ishirini na tatu, moja ya kila aina, isizidi moja, isipungue moja. Ikizidi, kasha halifungi. Kasha lisipofunga, mkeka wa harusi hukunjwa, bwana arusi hugeuza, na mwali hukaa peke yake mpaka anakauka.

Mwanamize alikuwa mwali wa Mbeguni, na somo yake aliyemfunda alikuwa Bi Buibui.

Siku alipowekwa ndani, Bi Buibui alikuja na nyuzi zake tumboni, akafungua kasha, akamwambia, "Mwanangu, tunaanza kwa kuzidisha, ndipo tupunguze." Akafuma mfano wa kila kanga, akauacha umeshikana na mwenziwe, hata kanga zote zikawa doti doti, vile zinavyouzwa dukani kabla hazijakatwa. Kisha akatandika doti ya mama ubavuni mwa doti ya baba, aina kwa aina, zikalala pamoja.

Mwanamize akaona somo yake anakata pindo la hii na kulishona kwenye ile, na pindo la ile analishona kwenye hii.

"Somo, mbona waziharibu?"

"Siharibu, nachanganya. Wataka mtoto wako awe nakala ya babu yake?"

"Na zitalala hivi mpaka lini?"

"Mpaka siku ya kutoka. Wewe kaa. Dariza foronya zako."

Mwanamize akakaa. Mwaka wa kwanza akadariza foronya kwa uzi mwekundu, na kanga zimelala. Mwaka wa pili akadariza, na kanga zimelala. Mwaka wa tatu akadariza, na kanga zimelala, na kila kanga akaijua kwa kuipapasa tu.

Siku ya kutoka ikafika asubuhi. Bi Buibui akatega nyuzi, nyingine ukuta wa kulia, nyingine ukuta wa kushoto. Akafunga doti moja kulia na mwenziwe kushoto, bila kuangalia ya mama ni ipi wala ya baba ni ipi. Akaimba:

*Kimoja kulia, kimoja kushoto,*
*nyosha uzi, vuta uzi,*
*aliyeshika aachie.*

Mara doti zikaachana. Za kulia zikaingia kashani. Za kushoto zikaingia kwenye kapu dogo, na kapu likatolewa nje ya nyumba. Chakula chote cha safari akapewa Mwanamize. Kapu halikupewa kitu. Ndiyo desturi.

"Umebaki na doti ishirini na tatu," alisema Bi Buibui. "Nitazikata mlangoni, mumeo akishafika, watu wakiona. Hapo kipande kimoja cha kila doti kitakuwa chako, na kimoja cha kapu la pili. Usizikate wewe, na usizishike. Umenisikia?"

"Nimekusikia, somo."

Alisikia kweli. Tatizo halikuwa masikio.

Njiani walimpita Bi Mwanate wa Ngozini, amekaa barazani na kasha lake limejaa hata kifuniko kimevimba. Akaliona kapu linakwenda zake. Akacheka cheko la pua.

"Mwanamize, waenda kwa watu na kasha linalopwaya? Na hizo zilizobaki nasikia zitakatwa tena. Utafika na nini, mwenzangu? Nusu? Wakwe watasema mwali katoka kwa masikini."

Mwanamize akalivuta kasha karibu naye. Uso ulimpata moto. Mpaka asubuhi ile hakuwahi kuona haya juu ya kasha lake. Sasa aliliona jepesi, na kila alipotikisika njiani akasikia zile doti zinateleza ndani, akadhani kila anayepita anazisikia. Akatamani kurudi nyumbani. Akatamani kuwa mtu wa Ngozini, ngozi ya kisigino, ngozi yoyote.

Walipopumzika, Bi Buibui akasinzia. Mwanamize akafungua kasha. Akachagua doti iliyo kubwa kuliko zote, ili kasha lionekane limejaa. Akatoa uzi wake mwekundu. Akashona pale katikati, pale pa kukatwa, mshono mmoja, mshono wa pili, mshono wa tatu. Akafunga fundo kwa ndani. Alijua anachofanya ni kibaya, ndiyo maana alishona huku amegeuzia kasha mgongo.

Wakafika ng'ambo. Mkeka umetandikwa, wakwe wamekaa kulia na kushoto, mlango uko wazi kumngoja bwana arusi.

Bwana arusi aliitwa Mcha. Wanaume wa huko wana mikia, na wewe uliyecheka nyamaza. Walitoka maelfu kwa maelfu kuja kumposa Mwanamize, wakikimbia, wakiogelea, wakipigana vikumbo. Wengine walipotea njia, wengine walichoka, wengine walikwenda kubisha hodi kwenye nyumba isiyokuwa na mtu. Aliyefika ni Mcha. Alipokanyaga kizingiti mkia wake ukakatika, ukabaki nje. Akaingia hana mkia, hana zawadi, hana chakula. Ana kasha kichwani, basi. Akasimama pembeni, ameinamisha uso.

Mlango ukafungwa nyuma yake. Bi Buibui akatega nyuzi kulia na kushoto, akafungua kasha la Mwanamize mbele ya watu, akaimba:

*Kimoja kulia, kimoja kushoto,*
*nyosha uzi, vuta uzi,*
*aliyeshika aachie.*

Doti ishirini na mbili zikaachana. Moja haikuachana. Ikaning'inia katikati, imevutwa huku na huku, kubwa, haifichiki.

Bi Buibui akamtazama Mwanamize. "Kuna aliyeshika?"

"Hakuna, somo."

Akavuta mara ya pili. Nyuzi zikalia. Doti ikakaza. Wakwe wakaanza kunong'onezana, na mama mmoja akashika ukingo wa mkeka, tayari kuukunja.

"Mwanangu, kuna aliyeshika?"

"Hakuna, somo. Labda... labda kanga ni nzito."

Hapa ndipo ninapoangalia chini. Maana nyote mnajua uongo wa kwanza hutoka kwa hofu, lakini wa pili mtu huutoa anajua. Mwanamize alisikia sauti yake mwenyewe, akaichukia. Mkono wa yule mama tayari ulikuwa umekunja shubiri moja ya mkeka. Mcha amesimama na kasha lake, na macho yake yako chini kama ya mtu anayesubiri kufukuzwa.

Bi Buibui akavuta mara ya tatu. Uzi mmoja wa nyuzi zake ukakatika.

"Mwanamize. Nakuuliza mara ya mwisho. Kuna aliyeshika?"

Mwanamize akautazama ule mkeka. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, na watu wote wakaisikia:

"Ni mimi. Nimeishona. Niliona haya kuja kwenu na nusu."

Hakuna aliyemkemea, na hilo lilimuuma zaidi. Akapiga magoti mbele ya wakwe zake, na utaji wa arusi kichwani, akaishika doti akalikata lile fundo kwa meno. Mshono mmoja. Mshono wa pili. Mshono wa tatu. Machozi yakamdondokea kwenye kanga. Doti ikaachana. Kipande kimoja kikaenda kwenye kapu la pili, likatolewa nje kama la kwanza. Kipande kimoja kikarudi kashani, na kwenye pindo lake kikabaki kiuzi chekundu ambacho meno hayakukifikia.

Ndipo Mcha akaweka kasha lake chini, akalifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na kanga ishirini na tatu, moja ya kila aina.

"Na mimi nimekuja na nusu," alisema. "Njia nzima nimeona haya. Nilikuwa nikijiambia, mwali atafungua, ataona halijajaa, atanifukuza."

Mwanamize akamtazama kwa mara ya kwanza. Wakachukua kanga zake wakazitandika, wakachukua za Mcha wakazitandika ubavuni mwake, aina kwa aina. Arubaini na sita. Wakazitia katika kasha moja. Bi Buibui akasukuma kifuniko kwa kidole kimoja, kikafunga. Yule mama akaunyosha mkeka, akapiga vigelegele.

Basi nyumba ile ikakua. Wakatoka wawili, wakatoka wanne, wakatoka wanane, mpaka ikawa nchi nzima mpya. Wengine wakaenda kuwa watu wa Ngozini, wengine wa mfupa, wengine wa damu. Mmoja, binti yao Zawena, akakaa Mbeguni ya nchi hiyo, akawa mwali.

Bi Buibui akaja, amezeeka, miguu miwili haimtii. Wanawake wakajaa chumbani. Akafungua kasha la Zawena, akafuma, akatandika kanga za mama ubavuni mwa kanga za baba. Alipofika kwenye ile kubwa kuliko zote, kidole chake kikakwama kwenye pindo.

"Huu uzi mwekundu ni wa nani?"

Zawena hakujua. Wanawake wakatazamana. Bi Mwanate naye alikuwemo, amekuja kutazama, amekaa mbele. Mwanamize alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, na angeweza kutoka asionekane na mtu. Miaka yote ile hakuwa amemwambia binti yake, kwa haya.

Buibui alijua jibu. Hata hivyo akasubiri, na wala hakuhitaji kuuliza mara ya pili.

"Wangu," alisema Mwanamize. Akasogea mbele, uso unamwaka, akakaa karibu na binti yake. "Nilidanganya mara mbili mbele ya baba yako. Sikiliza nikuhadithie, mwanangu, kabla hujatoka na kasha lako."

Akamhadithia yote, mbele ya wote. Na siku Zawena alipofika kwenye mlango wake ng'ambo, Buibui alivuta mara moja tu, doti zote ishirini na tatu zikaachana.

Hadithi yangu imeishia hapo, na funzo lake ni hili: usione haya kwa nusu uliyopewa, maana ile nusu isiyokuwepo ni nafasi ya mwenzio. Ona haya kwa ulichokishona gizani, na ukiulizwa, jibu mara ya kwanza.

Kasha nimelifunga, ufunguo nimeumeza. Kama hamniamini, kila mmoja aende akajitazame kwenye kioo: pua ya huyu, masikio ya yule, na hakuna aliyeulizwa alitaka yapi. Mimi siku ya harusi ile nilikuwepo, nikaomba kanga moja ya kujifunga. Nikapewa ya kimo cha babu yangu upande wa mama. Ndiyo maana nimesimulia nimesimama na nyinyi mnadhani nimekaa.