Nani Awe Somo wa Zulfa?

Sogeeni karibu, na aliye mwepesi wa kuhukumu akae nyuma kabisa. Hadithi hii ilishawahi kumgombanisha mtu na mkewe mpaka wakalala mzungu wa nne, nami sitaki ugomvi kwenye mkeka wangu.

Huko Kusini, katika kijiji cha wakulima wa korosho, alikuwapo binti wa miaka kumi na mitano, jina lake Zulfa, mwanafunzi wa kidato cha pili. Alikuwa na wanawake watatu wa kumwongoza. Bibi yake, Bi Esha, alijaliwa ulimi: jambo ambalo wenzake walilizungukia kwa mafumbo, yeye alilitaja kwa jina lake. Binamu yake, Fadhila, alijaliwa macho: akikutazama mara moja tu anajua kama umelala njaa au umelia. Na mama yake wa kambo, Mwanaidi, aliyeolewa na baba yake baada ya mama mzazi kufariki, alijaliwa miguu. Akiamua kwenda mahali, hata mbwa wa njiani walimpisha.

Shule ya sekondari ilikuwa mbali na kijiji. Basi wazazi wakafanya kama walivyofanya wengi: wakampangia binti chumba karibu na shule, wakampa unga, maharage na jiko la mkaa, wakamwambia asome. Msimu wa korosho ukifika, wao walihamia mashambani miezi miwili mizima, na binti akabaki peke yake na kufuli lake. Hakuna aliyeliita hilo kosa. Waliliita kumwamini mtoto.

Jirani na shule palikuwa na ghala la korosho, na ghala lilikuwa na karani, mtu mzima mwenye mke na watoto mjini. Karani akampa Zulfa simu ndogo yenye kava jekundu. "Ya kusomea hiyo," alisema, "ila usimwambie mtu." Zulfa akapokea. Mwezi ukapita, kisha siku ya Jumatano ukaja ujumbe: Ijumaa saa nane njoo nyumbani kwangu uchukue mitihani ya miaka iliyopita. Uje peke yako.

Kwenda hakutaka, na namna ya kutokwenda hakuijua. Aliogopa karani asije akasema kwa baba yake kwamba binti ana simu ya siri. Aliogopa kuitwa mwizi. Zaidi ya yote aliogopa lile neno, kwamba alishapokea.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtakapogombana.

Bi Esha kazi yake aliifanya mapema, likizo ya Juni, wakiwa wawili wanabangua korosho. Alimweleza mjukuu wake mwili wake wote, bila kupepesa macho: siku zake zinahesabiwaje, mimba inaingiaje, na kwamba mara ya kwanza inatosha, hakuna ya majaribio. Alimwambia kuwa zahanati si ya wanawake walioolewa tu, na binti mwenye swali ana haki ya kwenda kumuuliza nesi. Zulfa alitamani ardhi ipasuke, lakini bibi hakuwa na huruma. Mwisho akamwambia, "Mjukuu wangu, mtu akikupa kitu, umepokea kitu. Hujamuuzia mwili. Hata kama umekula, umevaa na umesema ahsante, bado unaweza kusema sitaki." Zulfa aliitikia ili yaishe. Hakujua kama yamemwingia.

Fadhila kazi yake ilikuja Alhamisi. Aliuza maandazi nje ya geti la shule, mtoto wake wa miaka minne akicheza pembeni ya ndoo. Zulfa alipoinama kuchukua andazi, simu ikachomoka kwenye soksi, na Fadhila akaliona kava jekundu. Akaiokota simu, akausoma ujumbe, akamvuta Zulfa kando.

"Zulfa, mdogo wangu, kesho usiende."

"Siendi popote."

"Huyo mtu namjua. Nakuomba."

Zulfa alikuwa na hofu, na hofu ikamtoka kama jeuri. "Wewe mwenyewe umezalia nyumbani, utanifundisha nini?"

Fadhila akamrudishia simu. Kwa walimu asingeweza kwenda, maana shule hiyohiyo ilimfukuza na tumbo lake. Ijumaa saa nne asubuhi akamfunga mwanawe mgongoni, akatembea hadi shambani kwa Mwanaidi, akamweleza kuhusu simu na ule ujumbe wa saa nane. Mwanaidi akamuuliza, "Umejuaje?" Na hapo Fadhila akasema jambo alilolificha miaka minne, hata chini ya fimbo za baba yake hakulisema. "Nilipewa simu kama hiyo. Huyu mtoto ni wa karani." Alijua fika kwamba nyumba aliyopanga ni ya ndugu wa karani, na kabla jua halijazama atatupiwa vyombo nje. Akasema hivyohivyo.

Mwanaidi kazi yake ilianzia hapo. Korosho za msimu mzima zilikuwa zimeanikwa juani, na wingu jeusi lilikuwa likipanda. Mume wake alikuwa mbali, upande wa pili wa shamba. Mwanaidi akazitazama korosho, akalitazama wingu, akakaza kanga yake kiunoni na kuondoka. Mwendo wa saa mbili aliukata kwa saa moja. Njiani mvua ikamkuta, naye akajua kwamba huko nyuma mali yote inaloa.

Na Zulfa? Zulfa alikwenda, jamani. Msimlaani. Alikwenda ili airudishe simu, yaishe. Karani akalifunga geti la bati nyuma yake, kisha akafungua mlango wa nyumba akitabasamu.

"Ingia, unaloa."

"Nimeleta simu yako."

"Umeitumia mwezi mzima, leo ndiyo unakumbuka kurudisha? Ingia."

Zulfa akafika kizingitini. Ndipo maneno ya bibi yakamjia, yaleyale aliyoyaonea haya: umepokea kitu, hujauza mwili. "Sitaki," akasema, kwa sauti ndogo mpaka ikabidi alirudie neno. Akachuchumaa barazani, akaikumbatia nguzo kwa mikono miwili. Karani alibembeleza, kisha akakaripia, kisha akaushika mkoba wa binti na kuuvuta. Vidole vya Zulfa vilikuwa vinaanza kuachia pale bati la geti lilipopigwa kwa kishindo.

"Fungua!" Mwanaidi alikuwa na mpini wa jembe na sauti ya kuita mtaa mzima. "Fungua, nimemfuata mwanangu! Majirani, tokeni mje mshuhudie!"

Majirani wakatoka. Karani akafungua. Jioni ile alikuwa mikononi mwa polisi, na Zulfa alikuwa amelala mapajani mwa mama yake wa kambo, analia kama mtoto wa chekechea.

Hadithi ingeishia hapo tungelala kwa amani. Lakini kwao binti akishakuwa mkubwa hupewa somo, mwanamke wa kumwongoza na kumtunzia siri hadi kaburini. Somo ni mmoja. Familia hununua doti ya kanga: kipande kimoja cha binti, kimoja anafunikwa somo mbele ya watu. Baba yake Zulfa akasema, "Safari hii achague mwenyewe."

Ndugu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema ni Bi Esha, kwani bila maneno yake binti angekuwa ameshaingia ndani. Wakajibiwa kwamba Fadhila naye ni mjukuu wake, na kwake bibi alinyamaza. Ulimi ulifunguka baada ya msiba wa Fadhila. Wengine walisema ni Fadhila, kwani bila yeye nani angejua? Wakajibiwa kwamba alificha jina miaka minne, na nani ajuaye ni mabinti wangapi wamepewa simu katikati hapo. Tena shangazi mmoja akauliza kwa sauti, tangu lini aliyezalia nyumbani akawa somo? Wengine walisema ni Mwanaidi, aliyeacha korosho zioze. Wakajibiwa kwamba ni yeye aliyeshikilia kuwa Zulfa abaki chumbani peke yake, kwa sababu shambani angekula tu na kusinzia.

Zulfa amesimama na kanga mkononi. Anawapenda wote watatu, na anajua atawaumiza wawili. Bi Esha anautazama mkeka. Mwanaidi anajifanya kupanga vikombe. Fadhila, yeye, ameshainuka na anamfunga mwanawe mgongoni aondoke, maana ana uhakika hatakuwa yeye.

Basi semeni, na semeni upesi kabla Fadhila hajafika mlangoni: mngekuwa ninyi ndio Zulfa, kanga hiyo mngemfunika nani?