Bitiruti za Pimbi na Ugonjwa wa Fisi

Hadithi hii aliisimulia kwanza Bibi Nakiete Mshana, kule Usangi, mwaka 1974, siku familia ilipovuna bitiruti kwa mara ya kwanza. Alikuwa akizimenya, vidole vyekundu mpaka viganjani. Wajukuu wanne walikaa jikoni. Alianza hivi, nao wakaitikia:

"Chungu changu kimechemka!"

"Epua, tupakulie!"

Hapo kale Pimbi aliishi mwambani na mama yake. Mama alikuwa ametoka kuugua homa, na miguu ilikuwa haina nguvu hata ya kufika mlangoni kuota jua. Pimbi akalima bitiruti, maana mlimani wote walisema zinarudisha damu. Akazichemsha na maganda yake, bila kukata mikia, rangi isije ikaishia majini. Majani akayaunga kwa karanga. Tokota, tokota, tokota.

Fisi akapita. Akanusa.

"We Pimbi! Mikono yote damu! Umechinja bila kuniita?"

"Ni bitiruti, mjomba. Za mama, anaumwa."

"Mgonjwa hana hamu ya kula. Lete!"

Nyam, nyam, nyam. Chungu kitupu.

Siku ya pili Pimbi akapika, Fisi akaja. Nyam, nyam, nyam. Chungu kitupu. Mama akalala na uji mwepesi.

Siku ya tatu Pimbi akatazama shamba: yamebaki matuta mawili. Akang'oa tuta moja zima, akapika, akamwita Fisi mwenyewe.

"Kula ushibe, mjomba. Ila kesho ukienda haja ndogo, usitazame chini."

"Kwa nini?"

"Usitazame tu."

Asubuhi, choroooo! Fisi akatazama. Nyekundu!

"Uwiii! Nakufa!" Mbio mpaka mwambani. "Pimbi, baba yangu, niokoe!"

"Si nilikwambia usitazame?"

"Nimetazama!"

"Basi ardhi imekukasirikia. Shika jembe uitulize. Lima, nichotee maji, nawe unywe mengi. Na bitiruti usiguse tena."

Fisi akalima, akachota, akanywa. Choroo! Imepauka. Akalima, akachota, akanywa. Choroo! Nyeupe! Fisi akalia kwa furaha.

"Asante, mganga! Umeniokoa! Nitakulimia kila mwaka."

Tuta lililobaki likawa la mama. Alikula kidogo kila siku, kwa chumvi na ndimu. Siku ya saba akasimama. Siku ya nane akatoka mwenyewe, akaota jua, akamshika mwanawe kichwani.

"Asante, mwanangu. Nimerudi."

Kisha akaenda nyuma ya mwamba. Mara akaita:

"Mwanangu! Mbona mkojo wangu nao mwekundu?"

"Ndivyo bitiruti zilivyo, mama, hata mimi ni hivyohivyo. Ila sema polepole. Fisi yuko shambani, analima kwa moyo."

"Chungu changu kitupu!" akasema Bibi.

"Tumeshiba, tumeshukuru!"

"Basi, wajukuu zangu, mgonjwa aambiwe ukweli siku zote. Lakini kwanza amalize kulima."

Bibi Nakiete alifariki mwaka 1991. Kati ya wajukuu wale wanne, Elineema na Navoneiwa wako hai, na hadi leo huchemsha bitiruti na maganda yake. Mama Pimbi yu hai. Fisi naye yu hai, na bado anashukuru.