Kengele za Mfalme Chui

Paukwa!

"Pakawa!"

Kwa nguvu! Au mmekuja kunimalizia mihogo tu? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo kale, Mfalme Chui alitawala msitu, na kazi yake ilikuwa kula na kujisifu. Nyati wakachoka, wakaja kumtoa. Askari wa mfalme walikuwa fisi. Walipoona vumbi la nyati kwa mbali, wote wakaanza kuumwa matumbo.

Ndipo wakajitokeza vibeberu watatu: Kipara, Tunutu, na mdogo wao Sengo. Pembe zao kama punje za mahindi, midomoni bado maziwa. "Tutakulinda, Mfalme!"

Mama yao akafoka, "Wapumbavu nyie! Huyo ndiye aliyemla baba yenu."

"Hayo ya zamani, mama."

"Bibi, kweli walisema hivyo?"

Wewe Faki, wangesema nini kingine? Nyamaza.

Mfalme akawavika kila mmoja kengele shingoni. "Nishani za ushujaa. Msivue hata mkioga!" Wakaondoka wakiimba:

*Ndi ndi ndi, ndi ndi ndi,*
*Mfalme haanguki!*

Jemadari wa fisi akawaweka mtoni. "Jificheni kwenye matete, msitoe sauti. Nakwenda kuita wenzangu." Hakurudi. Kipara akajikuna: ndi ndi ndi! Nyati wakacheka, wakavukia kwingine.

Wakarudi langoni. Fisi wa lango akasema, "Simameni hapa, msitoe sauti. Nakwenda kuita wenzangu." Hakurudi. Tunutu akapiga chafya: ndi ndi ndi! Nyati wakazunguka nyuma.

Wakakimbilia ndani. Jumba tupu, watumishi wamekimbia na mazulia. Mfalme yuko peke yake, anafunga mzigo.

"Mfalme, nawe unakwenda kuita wenzako?"

"Nakwenda safari, wanangu. Na safari inataka chakula."

Lo! Huyu nyuma ya pipa, huyu nyuma ya mlango, huyu chini ya kiti. Ndi ndi ndi!

Chui akacheka. "Mlidhani niliwavika kwa uzuri wenu? Nyama yangu naifunga kengele nisiipoteze." Akamrukia Tunutu, akabaki na sikio.

"Mamaa!" Tunutu akalia.

Sengo akasema, "Mfalme, utapita mbele ya watu shingo tupu? Watakudhania mkimbizi. Vaa nishani zetu zote tatu."

Kiburi kilikuwa hakijamwisha. Akainamisha shingo. Vibeberu wakatafuna kamba zao, wakamfunga kengele zote. Akatokea mlango wa nyuma. Kichakani: ndi ndi ndi! Juu ya mti: ndi ndi ndi! Nyati hawakuhangaika hata kunusa. Wakalala chini ya mti, wakisubiri na kumwimbia. Hebu mwimbieni na nyie!

"*Mfalme haanguki!*"

Siku ya nne akaanguka, pu!

Vibeberu wakarudi nyumbani vichwa chini. Mama akamtazama Tunutu. "Sikio lingine liko wapi?"

"Limebaki vitani, mama."

"Basi hilo moja litanisikia vizuri."

Na nyie, mkubwa akikuvika kitu kinachong'aa huku watu wake wanakimbia, muulize mbona hajavaa yeye.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami sina nyingine. Faki, rudisha huo muhogo.